Jino la Mbele la Pumzi

Jino la mume wangu lilicheza siku ya Jumanne, saa moja asubuhi, kwenye kipande cha mkate. Wala si mkate mkavu. Mkate laini, niliouchovya mwenyewe kwenye chai nikampa. Aliuma, akaacha kutafuna, akatia kidole mdomoni, akanikodolea macho.

"Mke wangu," akasema, "jino limecheza."

"Jino gani?"

"Hili." Akainua mdomo wa juu. "La mbele."

Nikasogea kutazama, ingawa sikuwa na haja ya kutazama. Kabla hajalisukuma kwa ulimi nikaliona linavyoyumba, kabla sijauona ule mstari mwekundu kwenye fizi, nilikuwa nimeshajua. Niliogopa kama mwizi aliyesikia filimbi. Yeye, maskini, alidhani naogopa kwa ajili yake.

Mume wangu ni mpiga saksafoni. Watu wanamwita Pumzi, kwa sababu akishika sauti moja anaweza kuivuta mpaka mhudumu amalize kugawa vinywaji meza mbili. Ana miaka hamsini na minne na hajui kazi nyingine yoyote. Mpe nyundo apigilie msumari ukutani, atarudi na kidole kimevimba. Anapiga kwenye bendi ya hoteli, siku nne kwa wiki, na kwenye sherehe za watu. Sasa kwa asiyejua, nimweleze: saksafoni haishikwi kwa midomo peke yake. Meno ya mbele ya juu ndiyo yanayokaa juu ya kile kipande cheusi cha kupulizia, na uzito wote uko hapo. Meno hayo yakicheza, sauti inayumba nayo. Yakitoka, Pumzi anabaki mzee mwenye koti zuri.

Mimi ni mpiga pasi kwenye duka la dobi. Mashati arobaini kwa siku, na siku ya mashuka hata sihesabu. Mvuke umenichoma mikono yote miwili na sijawahi kulia. Msidhani basi kwamba mimi ni mtu wa kuogopa ovyo.

Ila meno. Nilipokuwa na miaka tisa nilimshika mama yangu mkono aking'olewa gego. Sindano ya ganzi haikushika, na mganga yule hakungoja ishike. Mama hakupiga kelele, alinibana kidole tu. Hiki hapa, cha mwisho, mkono wa kushoto. Hakinyooki hadi leo. Tangu siku hiyo nilijiapiza kwamba mdomo wangu hautafumbuliwa na mtu yeyote mwenye chuma mkononi. Ng'o!

Nikaja kuolewa na mtu anayekula kwa mdomo wake.

Kwenye kile kipande cha kupulizia hufungwa kijipande kingine cha mwanzi, chembamba kama ukucha. Wanamuziki wanakiita ridi. Ridi kavu hailii, inakoroma tu, kwa hiyo lazima ilowe mate kwanza, dakika kumi hivi. Mwaka tuliooana, Pumzi alikuwa na onyesho lake la kwanza hotelini. Tai haifungiki, jasho linamtiririka. Akaniwekea ridi kiganjani: "Niloweshee hii, mke wangu, nipambane na tai." Nikaitia mdomoni. Siku hiyo alipiga mpaka meneja akatoka ofisini kuja kusikiliza. Basi! Mtu na imani zake. Miaka ishirini na sita, ridi ya onyesho hailowi kwa mate mengine ila yangu. Yeye anang'arisha viatu, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda na ridi mdomoni kama mtoto aliyepewa peremende. "Dakika kumi za amani nyumbani," husema, maana hapo siwezi kumjibu. Nikishaitoa, anaipokea na kuiweka mdomoni mwake palepale, ikiwa bado na joto langu.

Wenzake wanamcheka. Mpiga gitaa humwambia, "Pumzi, siku shemeji akinuna utapuliza kidole." Naye hujibu kwamba wivu ni ugonjwa.

Sasa aibu yangu nisiifiche tena. Fizi zangu zilianza kutoa damu miaka minane kabla ya ule mkate. Asubuhi nikipiga mswaki, povu linatoka jekundu. Nikanunua mswaki mwekundu ili damu isionekane. Nikawa nafungua bomba kwa nguvu kabla ya kutema. Nikawa natafuna karafuu njia nzima ya kwenda kazini, na nikicheka naziba mdomo kwa mkono. Pumzi akawa ananitania: "Siku hizi umekuwa bibi harusi, hucheki mpaka ujifunike." Hakuna kilichokuwa kinauma, na hilo ndilo lililoniponza. Mtu asiyeumwa hujidanganya kirahisi.

Ningekuwa sijui lolote, ningejisamehe. Lakini kule dobi tunafua makoti ya zahanati ya meno, na muuguzi anayeyaleta ana mdomo mwepesi. Miaka miwili kabla ya haya, aliegemea kaunta akanisimulia: kuna mtu na mkewe wametibiwa pale, fizi zao zimeoza pamoja, daktari anasema vijidudu vinapita kwa mate, kwa watu wanaoishi pamoja. "Vinahama kama panya wa nyumba za kuungana," akasema. Nikacheka, mkono mdomoni. Jioni ile Pumzi alikuwa na onyesho. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikalowesha ridi.

Nilijua, nikanyamaza. Miaka miwili.

Mchana wa ile Jumanne alikuja wifi yangu, dada mkubwa wa Pumzi, mama asiyepiga hodi. Alikwisha sikia. Akamwinua mdogo wake mdomo kama anayenunua mbuzi, akatikisa kichwa.

"Jino la mtu mzima halichezi hivihivi. Kuna mtu kwenye hiyo bendi anakitaka kiti chako."

"Dada, ni fizi tu."

"Fizi! Na wewe wifi, umekaa tu? Mpeleke kwa daktari hata kwa kumburuta. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Alikuwa anamsema mdogo wake. Chai niliyokuwa nammiminia ikafurika kikombe, ikajaa kisosi, ikanimwagikia mkononi, na sikuisikia.

Alhamisi tukaenda. Zahanati iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Chumba cha kungojea kina benchi la mbao na picha ya tabasamu ambalo hakuna binadamu analo. Nilipanga kubaki kwenye benchi. Daktari akatoka mwenyewe kutuita, binti mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza.

"Shikamoo mzee, shikamoo mama. Karibuni wote wawili. Wanaume huwa hawakumbuki maelekezo, bora mama asikie."

"Marahaba," nikasema, nikawafuata.

Ndani kulinuka karafuu. Yaani harufu yangu mwenyewe ya kujifichia, ndani ya chumba kile! Pumzi akalala kwenye kiti, taa ikamwakia usoni, na daktari akachukua kijichuma chembamba chenye alama za vipimo. Akakiingiza kati ya fizi na jino, anasoma namba, muuguzi yule yule mwenye mdomo mwepesi anaandika. "Tatu. Tatu. Nne. Tano." Nilikuwa nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili. "Sita. Saba. Hapa saba tena."

"Saba ni nzuri?" Pumzi akauliza, mdomo wazi.

"Tatu ndiyo nzuri, mzee."

Akatueleza taratibu, bila kututisha, na ule upole ndio ulionitisha zaidi. Fizi imeachana na jino, pamebaki shimo, vijidudu vimejaa humo, na mfupa unaolishika jino umeanza kulika. Meno mawili ya mbele ndiyo yaliyo taabani. Atasafisha ukoga wote mpaka chini kwenye mzizi, kwa awamu nne, kisha atangoja aone kama fizi itashika tena. Asipige saksafoni kwanza.

"Kwa muda gani?" Sauti ya Pumzi ilikuwa ndogo. Sijawahi kuisikia ndogo vile.

"Mwezi. Baada ya hapo tujaribu dakika chache kwa siku. Wiki ya nane nitapima upya, ndipo tutajua yapi yanabaki." Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, meno yako yakoje?"

"Mimi?" Mkono ulikuwa umeshapanda mdomoni, nikaushusha. "Mimi navunja mifupa, binti yangu. Mazima yote."

"Fizi hazitoi damu?"

"Hata tone."

"Hata hivyo ningependa nikuangalie. Vijidudu hivi vinaweza kupita baina ya mtu na mwenzake kwa mate. Si kila anayevipata anaugua, miili inatofautiana. Lakini nikimsafisha mmoja na mwingine anavyo, nafanya kazi ya bure."

"Nina mashati yananingoja," nikasema. Nikasimama. Muuguzi akainua macho kutoka kwenye karatasi, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Kiongozi wa bendi alimpa Pumzi wiki nane. Alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa kwenye kochi na kofia magotini. "Kiti chako nakulindia," akasema, "lakini Pumzi, hoteli haisikilizi kiti kitupu. Baada ya wiki nane nitaweka mtu." Hakuwa mkali. Alipoondoka, mume wangu alifungua sanduku la saksafoni, akaifuta, akalifunga. Kesho yake vilevile. Mtu aliyekuwa akinijazia nyumba kelele sasa anafuta chuma kisicholia, na kila nikipita mlangoni nafsi inanisuta: wewe ndiye uliyemfanyia hivi.

Nilijaribu ujanja wangu. Nikatenga vikombe vyetu. Akitaka kunibusu namgeuzia shavu, namwambia ananuka dawa ya hospitali. Nikaanza kulala nimeuelekea ukuta. Alinitazama kwa yale macho yake ya kuuliza, wala hakuuliza. Kumwambia? Nilijaribu, jamani. Mara tatu nilikaa mbele yake nikafungua mdomo, na nilichokiona mbele yangu ni kile kiti na ile taa, na nyuma ya kiti namwona mume wangu akisema: "Kumbe ni wewe! Miaka yote hii, kumbe ni wewe!" Nikamuuliza kama anataka chai.

Mwezi ukapita. Daktari akamruhusu dakika kumi kwa siku, polepole. Siku ya kwanza akaja na saksafoni jikoni, ridi kiganjani, anacheka kama bwana harusi.

"Haya, dakika zangu za amani."

Nikaichukua, nikajitia niko mbioni, nikampa mgongo na kuilowesha bombani. Nikamrudishia. Akaifunga, akapuliza, akaacha.

"Hii ya bomba," akasema.

"Mate ni mate, maji ni maji, yote si yanalowesha?"

"Sawa." Akaiweka saksafoni chini. Hakupiga tena siku ile. Nilimkuta amekaa karibu na dirisha, kakunja mikono mapajani, mtu aliyefukuzwa mahali.

Kesho yake alikuja tena. Hakucheka safari hii. Alinyoosha tu kiganja na ridi juu yake, anangoja. Na mimi, kwa kuogopa kuulizwa, kwa kuogopa macho yale, nikaipokea nikaitia mdomoni. Mungu anisamehe. Nilikaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi na ladha ya damu kwenye ulimi wangu, naisikia kabisa, kama mtu aliyelamba funguo. Nikampa. Akaiweka mdomoni mwake. Akapiga, na sauti ikatoka, nyembamba lakini safi, akafumba macho kwa furaha.

Nilifanya hivyo kila siku, wiki tatu. Nilikuwa naenda kazini, naunguza makola ya watu, bosi ananigombeza, namjibu kwa ukali asione ninavyoogopa. Nasukutua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni mpaka mdomo unawaka, eti nijitibu mwenyewe. Thubutu! Damu ilizidi.

Wiki ya nane ikafika. Ghorofa ya pili, benchi, ile picha ya tabasamu. Tukaingia. Kijichuma, namba. Nyuma kote daktari anasema "tatu, tatu, tatu", muuguzi anatabasamu, Pumzi ananikonyeza kutoka kwenye kiti. Nikaanza kupumua. Akafika mbele.

"Saba," akasema. Akapima tena. "Nane."

Akaweka chuma chini, akavuta kiti chake karibu na Pumzi.

"Mzee, sitakuficha. Hili la kushoto halina tena cha kulishika. Ni bora litoke leo kabla halijaharibu mfupa wa jirani yake. Hili la kulia lina nafasi. Likibaki, naweza kukutengenezea jino la bandia lifungwe kwake, na wapo wapulizaji wanaopiga hivyo. Likitoka nalo, kazi itakuwa ngumu sana."

"Litabaki?"

"Nyuma umepona vizuri, kwa hiyo usafi unafanya kazi. Mbele sielewi. Huenda ni kwa sababu mashimo yalikuwa marefu tangu mwanzo. Huenda kuna kitu kinachorudi kila siku. Kwa kweli sijui." Wakati anasema hivyo hakunitazama, na heri angenitazama.

Pumzi akaligusa lile jino kwa ulimi. "Basi toa hili," akasema. Kisha akageuza shingo akanitafuta. "Mke wangu, toka nje. Wewe hii kitu huiwezi."

Anajua kuhusu kidole changu. Mtu anakwenda kung'olewa jino lake la kazi, bado ananifikiria mimi! Nilimwona daktari anavuta sindano ya ganzi, nikatoka. Nikapita benchi. Nikashuka ngazi mbili mbili nimeshika ukuta, nikatokea barabarani, na sikusimama. Nilikuwa nakimbia, niseme ukweli. Nilishapita duka la vitambaa na la viatu, nimeshaanza kutunga uongo wa kumwambia jioni, bosi kaniita, mashuka ya hoteli, nini, nini.

Kwenye kona kuna mama anayeuza miwani juu ya meza, na kioo cha kujaribia. "Karibu dada, jaribu hii," akasema. Nikageuka, nikajikuta kwenye kioo. Mwanamke mzima, mvi mbili tatu, jasho linatiririka, na mkono umeziba mdomo. Hakuna aliyekuwa ananichekesha. Mkono ulikuwa umejipeleka wenyewe, na sijui ulikuwa hapo tangu lini. Nikajaribu kuushusha ukakataa, kweli tena, ilibidi niushushe kwa mkono wa pili.

"Unaumwa, dada?" akauliza yule mama.

"Ndiyo," nikasema. Ndiyo mara ya kwanza kulitoa neno hilo, nikamtolea muuza miwani!

Nilirudi nikiwa naogopa kila hatua, na ngazi za kupanda zilikuwa nyingi kuliko za kushuka. Nikafungua mlango bila kugonga. Lilikwisha toka. Lilikuwa kwenye kisahani cha chuma, refu kuliko nilivyodhani, na Pumzi ameketi kwenye kiti cha pembeni, pamba imejaa mdomoni, shavu moja limelegea kwa ganzi, macho mekundu. Aliponiona alijaribu kutabasamu na nusu ya uso ikakataa.

Sikumwendea. Ningemwendea ningeshindwa. Nikaenda moja kwa moja kwenye kile kiti kikubwa, nikapanda, nikalala, nikashika mikono ya kiti.

"Niangalie," nikamwambia daktari. "Nimekudanganya. Damu inatoka miaka minane."

Daktari akavaa glovu mpya. Taa ikaniwakia. Nikafumbua mdomo, nikasikia kijichuma baridi, na mwili wote ukatetemeka mpaka kiti kikawa kinagonga. "Sita," akasema. "Saba. Saba. Nane." Muuguzi anaandika. Machozi yalikuwa yananitiririkia masikioni. Kila namba nilikuwa nasikia mume wangu anaisikia.

Daktari alipotoa mkono, nikaketi. "Sema," nikamwambia. "Ni mimi niliyempa?"

"Mama, hilo hakuna daktari atakayekuambia. Pengine wewe ulimpa yeye, pengine yeye alikupa wewe, zamani sana. Ninachojua ni kwamba wote wawili mnavyo, na wote wawili nitawatibu pamoja."

"Ridi nailowesha mimi," nikasema. Nikamgeukia Pumzi. Nilikuwa naogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, lakini maneno yalikwisha anza kutoka. "Hata hizi wiki tatu. Damu naisikia mdomoni na bado nakupa. Nilijua tangu mwaka juzi. Hilo jino nimeling'oa mimi. Nitukane. Nitukane basi!"

Hakuweza kuongea, kwa ile pamba. Alinyoosha mkono akachukua kalamu ya muuguzi na kadi yake ya miadi, akaigeuza nyuma, akaandika polepole juu ya goti. Nilidhani naandikiwa talaka. Akaninyooshea.

*Nilijua.*

Nikasoma mara mbili. "Ulijua nini?"

Akaichukua. *Damu. Ladha yake iko kwenye ridi miaka mingi. Mswaki wako mwekundu, unadhani mimi kipofu?*

"Ulijua!" Hapo hofu yote ikageuka hasira, nikasahau niko hospitali. "Ulijua ukanyamaza? Unaweka damu yangu mdomoni kila onyesho na unanyamaza? Mtu mzima wewe! Jino lako la kazi! Kwa nini hukuniambia?"

Muuguzi alikuwa amejibanza ukutani. Pumzi akaichukua tena kadi. Damu kidogo ilimchuruzika pembeni ya mdomo, akaifuta kwa mgongo wa mkono, akaandika mistari miwili.

*Ulishaacha kucheka mbele yangu. Niliogopa nikisema, utaacha na kunibusu.*

Nilikaa kwenye kiti kile na kadi mkononi, na kitu kilichonijia kichwani ni zile wiki nane za kumgeuzia shavu. Nilimfanyia kile kile alichokuwa anakikimbia, na jino limetoka vilevile.

"La kulia?" nikamuuliza daktari.

"Siahidi, mama. Tukianza leo, nitajua baada ya miezi mitatu." Akachukua sindano, akainua ncha yake juu kwenye taa. "Tuanze leo?"

Nikatazama ile sindano. Nikatazama mlango. Pumzi akanyanyuka, akajikongoja mpaka kwenye kiti, pamba mdomoni, shavu limelegea, akasimama upande wangu wa kushoto. Akanipokonya kadi, akaandika kwenye pembe ndogo iliyobaki, akaniwekea mbele ya macho.

*Haiumi.*

Nikalala, nikafumbua mdomo. Mwongo mkubwa, mume wangu. Iliuma.